Sikuvuka Kilifi

Sikufika Takaungu. Naliandika jambo hili mapema kabla moyo haujanibadilikia, maana kwa karibu miaka arobaini nimekuwa nikisema nilifika. Nimemwambia hivyo mdogo wangu Swaleh, ambaye alikuwa na shaka tangu tukiwa watoto, nami nikamnunia kila alipoionyesha. Nimewaambia wanafunzi ukumbini, nikiwa nimeegemea meza kama mtu aliyeyaona mengi. Nimelitia hata katika makala mbili, na moja ilikuwa na kichwa cha majigambo ambacho sitakirudia hapa. Ilikuwa ndiyo hadithi yangu nzuri kuliko zote: msichana wa miaka tisa anasafiri peke yake kutoka Malindi, anavuka feri ya Kilifi, anamwona bibi yake mgonjwa Takaungu, na jioni anarudi na habari. Watu huipenda sana. Hunitazama kana kwamba tangu siku ile ilijulikana nitakuwa mtu.

Kilichoniharibia ni chupa ya mafuta ya simsim. Magoti yangu yamefika umri wa kudai mafuta, nikanunua chupa dukani, nikaja nayo mpaka mezani nilipokuwa nikiandika. Nilikuwa nimeombwa na jarida moja la vijana niandike juu ya faida na changamoto za kusafiri peke yako. Nilikwisha kuandika sentensi ya kwanza: "Anayesafiri peke yake hujifunza kujitegemea." Nikafungua chupa. Harufu ya simsim haibishi hodi. Nilikaa nikiitazama ile sentensi, nayo ikinitazama, na sikuweza kuiongezea hata neno.

Baba alikuwa fundi cherehani, tukiishi Shela, Malindi, katika nyumba ya vyumba viwili na uwanda mdogo nyuma. Homa ilimchukua kwa siku nne. Alipokwisha kuzikwa, mama aliingia eda, na mimi nikaanza kuishi na mama mwingine kabisa. Alivaa nguo nyeupe zisizo na ua wala rangi. Kioo kiligeuzwa kikatazama ukuta. Hina, manukato na wanja vilifungiwa sandukuni, na yeye akakaa chumbani akihesabiwa miezi minne na siku kumi. Wa kuhesabu alikuwa Shangazi Zuhura, dada mkubwa wa baba, aliyekuja kutoka Mambrui na mkeka wake, tasbihi yake na kijaluba chake cha tambuu, akatandika karibu na mlango wa mbele. Tangu hapo hata paka aliomba ruhusa.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kaka yake na aliona huo ndio utumishi wa mwisho anaoweza kumfanyia. Lakini siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba mwenye eda akivuka kizingiti amejiharibia. Jirani alipoondoka nikamuuliza kuharibika kwenyewe kukoje, kama maziwa? Shangazi akafikiri, akatema tambuu, akasema, "Zaidi ya maziwa."

Nililichukua hilo kama lilivyo. Niliamini kwamba mama akitia mguu nje ya ule mlango atachacha, atajitenga kuwa vipandevipande na maji, kama maziwa ya jana. Nikawa nafagia kizingiti asubuhi na jioni lisije likaingia jiwe la kumtelezesha. Swaleh alipocheza mpira karibu na mama nilimpiga. Watu walisema mtoto huyu amekuwa mwema sana tangu afiwe na babake.

Eda ilipofika mwezi mmoja, habari ililetwa na msafiri aliyepitia Takaungu: bibi, mama yake mama, miguu imemvimba na hatoki tena. Mama alikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume na huyo alikuwa kibaruani Uarabuni. Alimwomba Shangazi aende kumwangalia. Shangazi akauliza, akienda yeye, mama atabaki na nani? Hakuwa akiuliza ili ajibiwe. Kwa siku mbili mama hakula vizuri. Siku ya tatu akasema, "Rukia atakwenda. Atakuwa macho yangu."

Asubuhi ya safari alinisuka mistari minane, yote ikielekea kisogoni. Mama alisuka kwa haraka na mistari yake ililegea kabla ya adhuhuri. Wa kusuka alikuwa bibi. Bibi alikaza mpaka nyusi zikapanda, na hakuna mjukuu wa kike aliyepata kutoka nyumbani kwake na nywele alizoingia nazo. Hata ukifika umesukwa jana na fundi wa mji mzima, alikukalisha chini kati ya magoti yake, akafumua na kuanza upya, huku akiulizia habari za watu wote mnaowajua, mmoja mmoja.

Mama akanipa chupa ya mafuta ya simsim ya kumchua bibi miguu, ameizungushia kitambaa na kuitia katika mkoba wa ukindu. Kisha akanifundisha mambo matatu ya kutazama. La kwanza, miguu: nikiibonyeza kwa kidole, je, shimo linabaki au linarudi? La pili, anasali amesimama au ameketi? La tatu, anakula kwa mkono wake au analishwa?

"Na usimuulize yeye," alisema. "Atasema hajambo. Bibi yako hata akiwa anakata roho atasema hajambo. Tena atakufundisha na wewe useme hajambo. Tazama kwa macho yako, uniletee ulichokiona."

Shangazi alinipeleka kituoni kwa sababu mama hakuweza. Alimweleza kondakta, mtu mzima mwenye masharubu na kofia ya kufuma, kwamba anishushe njia panda ya Takaungu, na basi likirudi kutoka Mombasa alasiri anichukue palepale. Kutoka njia panda mpaka kijijini nilikuwa naijua njia. Halafu akaniinamia akanipa amri moja: nisishuke kwenye lile basi mpaka Takaungu, hata akaniambia nani.

Ilikuwa amri nzuri isipokuwa kwa kitu kimoja. Shangazi alikuwa hajapata kufika Kilifi maishani mwake. Kwake dunia ilianzia Mambrui ikaishia Malindi sokoni. Hakujua kwamba pale Kilifi barabara inakatwa na maji, na kwamba abiria wote hushuka wakatembea kwa miguu mpaka ndani ya feri, na basi likafuata peke yake likiwa tupu.

Mtauliza mimi mbona sikujua, nami nilikuwa nimekwenda kwa bibi mara nyingi. Kweli nilikwenda mara nyingi, lakini kila tulipofika Kilifi mama alinifunika kwa buibui lake. Alinikumbatia tangu tulipokuwa tunashuka, akanibana ubavuni, nikatembea gizani nikishika nguo yake. Nilidhani ni kwa ajili yangu, kwa sababu niliogopa maji. Feri niliijua kwa harufu ya dizeli na kwa mtetemo wa chuma nyayoni. Kwa macho sikuwa nimeiona hata siku moja.

Basi lilisimama. Kondakta akaita watu wote washuke. Nikakishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili.

"Binti, chini."

"Nimeambiwa nisishuke mpaka Takaungu."

"Umeambiwa na nani?"

"Shangazi."

"Hilo shangazi lako ndilo lenye basi?"

Watu walicheka. Mama mmoja alisema mwacheni mtoto wa watu, mwingine akasema amepatiwa adabu kweli huyu. Kondakta akanibandua vidole, kimoja kimoja, bila hasira, akaninyanyua pamoja na mkoba akanitua barabarani. Kisha akageuka kushughulika na mbuzi wa mtu.

Ndipo nikaona. Barabara ya lami, ileile iliyotoka mbele ya duka la cherehani la baba Malindi, iliteremka mlimani ikaingia majini moja kwa moja, kana kwamba hakuna aliyeiambia kuna bahari. Haikupunguza hata kidogo. Ikaja sinia kubwa la chuma likinguruma, likashusha ulimi wake juu ya lami kwa kishindo kilichonifika tumboni. Basi letu, halina mtu isipokuwa dereva, likateremka polepole, likainama kama linalosujudu, likapanda juu ya kile chuma, na chuma kikazama kidogo. Nyuma yake watu wakafuata kwa miguu. Walikuwa wamenyamaza, bega kwa bega, wengine na mizigo kichwani, wote wakitazama mbele wasijikwae.

Nilikuwa nimewaona watu wakitembea namna ile mara moja tu maishani mwangu. Ilikuwa mwezi mmoja nyuma, walipotoka mlangoni kwetu na baba.

Damu ilinisimama. Na katika kusimama huko, akili yangu ya miaka tisa ilipiga hesabu ambayo mpaka leo siioni kosa lake. Nikivuka na kile chuma kikakataa kurudi, ni nani atakuja kunichukua? Baba hayupo. Mjomba yuko Uarabuni. Shangazi hajui kuna Kilifi. Na mama akinifuata lazima avuke kizingiti, na akivuka kizingiti atachacha. Kwa hiyo nikivuka mimi, tumekwisha sote.

Nikashika nguzo. Feri ikaondoka. Nikalitazama basi langu likishuka ng'ambo ya pili, likakusanya watu wake, likapanda kilima likiwa dogo kama kiberiti, likapotea.

"Muhoho," sauti ilisema nyuma yangu, "si lile basi lako?"

Aliyeniita mtoto kwa lugha ya kwao alikuwa mwanamke wa Kigiriama wa makamo, amevaa hando la marinda kiunoni na kanga begani, ameketi juu ya gogo na ungo wa korosho za kukaanga mapajani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikasema ndiyo, lile ni langu.

"Na wewe je?"

"Mimi sivuki."

Nilitarajia anipigie kelele, au awaite watu, kama ambavyo mtu mzima yeyote wa mtaani kwetu angefanya. Akasogea kwenye gogo. "Haya. Kaa kivulini basi. Jua halichagui anayevuka na asiyevuka."

Nilikaa naye kutwa nzima. Nilimhadithia yote: baba, eda, kizingiti, maziwa, miguu ya bibi, na mambo matatu ya kutazama. Alikuwa akiuza huku akisikiliza, akikunja karatasi kuwa pembe na kuijaza korosho bila kuitazama. Mara mbili alijaribu. Alinishika mkono akasema twende nikuvushe, nitakufunika kanga hii usione kitu. Mara ya kwanza sikuinuka. Mara ya pili nilifika mpaka ukingoni, nikachungulia, nikaona kati ya lami na chuma kuna ufa upana wa kiganja, na ndani yake maji meusi yanapanda na kushuka kama yanavuta pumzi. Nikarudi kwenye gogo. Hakunisukuma wala hakunicheka. Alisema tu kwamba yeye kwao ni ng'ambo ile, na korosho zikiisha huvuka akalale kwao. Akaniuliza jina la bibi yangu na nyumba yake iko upande gani wa msikiti. Akasema nimpe ule mkoba, kesho ataufikisha.

Sikumwamini hata kidogo. Nilimpa kwa sababu nyingine. Katika makala zangu nimeorodhesha faida za kusafiri peke yako: uhuru, ukimya, kutoharakishwa na mtu. Faida ya kweli sijapata kuiandika, nayo ni kwamba hakuna shahidi. Na mimi nilikuwa na shahidi mmoja, chupa. Chupa ikirudi nyumbani imejaa, itasema. Nikampa na mkoba wake. Naye akanipa korosho, pembe mbili, akasema mtoto harudi kwao mikono mitupu.

Alasiri basi liliporudi kutoka Mombasa na kuvuka, kondakta aliniona pale juu ya gogo, akasimama kama aliyeona mzuka. Kumbe kule Takaungu alinitafuta mpaka chini ya viti, na kwa kuwa nilikuwa amana aliyokabidhiwa mbele ya watu, alimwambia dereva kwamba nilikwisha kushuka. Alinishika bega akachutama mbele yangu.

"Nisikilize. Wewe ulishuka Takaungu."

"Nilishuka."

"Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Haya, panda."

Hayo yalikuwa mazoezi, na mazoezi yalinifaa. Nilipoingia chumbani kwa mama nilisema yote bila kupepesa. Nimebonyeza miguu, shimo limerudi. Anasali amesimama. Anakula kwa mkono wake, tena wali, na hizi korosho amekupa wewe. Shangazi aliyekuwa mlangoni akasema alhamdulillahi, si nilisema mimi, wazee wa Takaungu ni magogo ya mkoko.

Mama alinivuta karibu, akanitua mkono kichwani, na kwa vidole akapita juu ya nywele zangu mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka wa nane. Nilidhani ananibariki. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Nenda kaoge."

Siku chache baadaye kulikuwa na hitima ya jamaa yao Mambrui, na Shangazi hakuweza kukosa. Mama akasema kichwa kinamuuma, atalala, afadhali Shangazi atuchukue mimi na Swaleh ili nyumba ipate kimya. Tulikwenda, tukala pilau, tukarudi kabla ya magharibi. Mama alikuwa kitandani, amelala ubavu, ametazama ukuta. Mtandio ulikuwa umemteleza kidogo na nywele zake za mbele zilikuwa wazi, zimejaa mawimbi madogomadogo ambayo asubuhi hayakuwapo. Nikamsogelea nimwamkie, na pale hatua mbili kutoka kitandani nikagandamana na sakafu.

Chumba kilinuka simsim.

Katika nyumba ile hakukuwa na tone la mafuta ya simsim. Chupa ilikuwa moja, na niliibeba mimi, na mimi ndiye niliyejua ilikoishia. Nilitazama uvunguni, nikatazama juu ya kabati. Hakuna chupa, harufu tu. Shangazi hakuhisi lolote. Kwa tambuu na ugoro, pua yake ilikwisha kustaafu. Swaleh alikuwa mdogo. Ilikuwa imenijia mimi peke yangu. Niliamini kwamba mafuta yamerudi kwa miguu yao yenyewe kutoka Kilifi, yakaingia kwa mama kunishtaki, na kwamba mama amegeukia ukuta kwa sababu amekwisha kuambiwa. Nilingoja aniite. Hakuniita siku ile wala kesho yake. Kungoja kule kulinikondesha kuliko adhabu yoyote.

Wiki tatu baada ya hapo bibi alifariki.

Habari ilipofika, mama alikuwa bado katika eda na Shangazi bado kwenye mkeka wake. Wanawake wa mtaa wakajaa kwetu kutoa pole. Walimlilia bibi, lakini zaidi walimlilia mama, kwamba amefiwa na mume na mama katika eda moja, na mamake amekwenda hawajaonana. Bi mmoja alisema hilo ndilo linalomkata maini. Ndipo mama, macho yamemvimba, akanyoosha mkono kwangu mbele ya wote.

"Rukia alimwona," alisema. "Alikwenda kwa niaba yangu. Waeleze, mwanangu, ulivyomwona bibi yako."

Sijui kama kuna wakati mwingine maishani nimepata mshtuko kama ule, na nimewahi kutoka katika gari lililopinduka. Niliwatazama wale wanawake, wote wamenigeukia, vitambaa vimesimama machoni. Nikawaeleza. Miguu, shimo linarudi. Sala, amesimama. Wali, kwa mkono wake. Na kwa kuwa walikuwa wakilia vizuri, nikaongeza kwamba alicheka. Bi kizee mmoja akanivuta akanibusu macho, moja baada ya jingine, akasema ni macho yenye baraka hayo, yamemwona kwa mara ya mwisho.

Mtoto akisha kubusiwa macho kwa uongo, hana tena njia ya kurudi. Tangu siku hiyo nilifika Takaungu. Na nilijua jambo jingine, ambalo sikumwambia mtu: lau ningesema kweli siku ile ya kwanza, huenda mama angefanya jambo, angemwomba jirani, angemtuma mtu mwingine, na mtu huyo angembonyeza bibi miguu kweli. Kwa uongo wangu mama alitulia. Kwa uongo wangu hawakuonana.

Kwa hiyo nilisafiri. Nimekwenda peke yangu kusoma, kufundisha, kuhudhuria mikutano isiyonihusu, na watu wakadhani napenda. Sipendi. Katika kila stesheni nimewahi kutafuta kwa macho gogo la kukalia. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa nilishukuru kuliko mtu yeyote katika jimbo zima, na bado mara ya kwanza nililivuka nimefumba macho, msichana wa chuo kikuu na kitabu mapajani.

Mama sasa amepita themanini, anakaa na Swaleh palepale Malindi. Shangazi Zuhura alitangulia zamani, Mungu amrehemu. Ile jioni ya chupa nilimpigia simu mama. Nilimwamkia, nikamuulizia presha na kuku wake, kisha nikasema nina neno. Nikalisema lote kwa pumzi moja, gogo, korosho, kondakta, nisije nikasita katikati. Nilipomaliza nikasikia kuku.

"Nilijua," mama akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Kwamba unadanganya, tangu ulipoingia mlangoni. Ulirudi na nywele zangu."

Akaendelea, pole pole, kama anayechambua mchele. Alisema alipozipapasa zile nywele na kukuta ni mistari yake mwenyewe, imelegea vilevile, haikumjia kwamba sikufika. Ilimjia jambo baya zaidi. Alijua mamake hawezi kuniacha nitoke hivyo maadamu mikono inainuka. Kwa hiyo mikono haiinuki. Kwa hiyo yu mahututi, na amemfundisha mtoto aseme hajambo.

"Basi nikaenda," akasema.

"Ukaenda wapi?"

"Takaungu. Siku ile mliyokwenda hitimani Mambrui."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimekaa tayari, lakini nilikaa zaidi. Mama, ambaye sikumjua kuvunja hata kikombe, alivuka kizingiti cha Shangazi katika eda, akapanda basi peke yake, akavuka Kilifi, na akarudi kabla ya magharibi.

"Na watu hawakukuona?"

"Waliona buibui. Buibui ni buibui." Akacheka kidogo. "Baadaye sana nikamsikia shehe redioni akisema mchana, kwa haja ya lazima, mwenye eda ana ruhusa. Lakini shangazi yako hakuwa mtu wa redio."

Alimkuta bibi ameketi. Miguu imevimba kweli, shimo linabaki. Anasali ameketi. Lakini anakula kwa mkono wake, na swali lake la kwanza lilikuwa Rukia yuko wapi, mbona hamumleti. Na dirishani palikuwa na mkoba wetu wa ukindu. Mama mmoja wa Kigiriama aliuleta kwa miguu, akasema mjukuu wako ameogopa feri, msimpige. Kisha akakaa akamchua bibi miguu mwenyewe kabla ya kuondoka.

"Mafuta yalifika kabla yangu," mama akasema. "Na mimi nikamchua. Hata mikono ikaninuka siku mbili, nikawa naogopa shangazi yako asije akahisi."

Nilimuuliza, na nadhani sauti yangu ilikuwa ya miaka tisa, kwa nini basi kwenye msiba alinisimamisha mbele ya watu wote akaniambia niwaeleze, naye anajua sikuona kitu.

"Shangazi yako alikuwa ameketi pale. Wanasema sijaonana na mamangu, nami nimeonana naye, na siwezi kutamka. Ningefanyaje? Nikakutanguliza wewe. Nilijua hutaniangusha. Ila hapo kwenye kucheka ulizidisha."

Nilicheka nikashindwa kuendelea. Nilipotulia nikamuuliza kama hakuogopa, siku ile, peke yake.

"Kizingiti sikukiogopa. Niliogopa feri. Siku zote. Unadhani nilikuwa nakufunika buibui kwa nini? Ili usinione nimefumba macho."

Swaleh alikuwa akimwita akale. Akamwambia ngoja. Nilidhani anataka kuaga, lakini alikuwa na jambo moja lililobaki, na alilisema taratibu kuliko yote. Alisema bibi alimkalisha chini, kati ya yale magoti, akazifumua nywele zake akamsuka. Mikono ilikuwa ikitetemeka na ilichukua muda wote waliokuwa nao, lakini hakuruka hata mstari mmoja. Alimuulizia kila mtu.

"Sasa ningeingiaje nyumbani nimesukwa, na eda, na shangazi yako yuko njiani? Nikazifumua kwenye basi. Nilianza tulipotoka kwenye feri. Mmoja mmoja. Nilipofika Malindi ulikuwa umebaki mmoja."

Nikamuuliza huo mmoja aliufumua wapi.

"Huo sikuufumua," mama akasema. "Ulikuwa huku nyuma, chini ya mtandio. Nilikaa nao mpaka eda ikaisha."